Hekima ya Kusema "Sijui"

(Maneno yaliyotolewa Baraka, eneo la Fizi, mbele ya familia zilizohama na viongozi wao)



Leo tuzungumze juu ya ujinga. Msikasirike. Sisemi ujinga wa mtu ambaye hakupata shule. Nasema ule ambao hata mwenye diploma anaweza kuwa nao: kudhani unajua jambo ambalo hulijui.

Zamani, katika mji wa Athene huko Ugiriki, mji ambao wasomaji wa Matendo ya Mitume wanaujua, aliishi mzee Socrates. Hakuacha kitabu, habari zake nyingi tunazipata kwa mwanafunzi wake Plato. Rafiki yake alikwenda Delphi, mahali patakatifu, kuuliza kama kuna mtu mwenye hekima kumpita Socrates. Jibu likawa: hakuna. Mzee akashangaa, akaenda kuwauliza wakubwa wa mji. Wanasiasa walikuwa na maneno mengi, lakini walipoulizwa zaidi walikwama. Mafundi walijua kweli kazi ya mikono yao, ila kwa sababu hiyo wakajiona wanajua na mengine yote. Ndipo Socrates akaelewa kwamba amewazidi kwa kitu kidogo tu: lile asilolijua, hakujidai kulijua.

Hayo yanatuhusu nini hapa Fizi? Kiangazi ng'ombe wanashuka kutoka milimani kutafuta malisho, na mashamba yako njiani. Mihogo inaliwa, au ng'ombe anapotea. Asubuhi watu wanasema, "Ni fulani." Saa sita imekuwa, "Ni Banyamulenge." Na upande wa pili wanasema, "Ni Babembe." Jioni vijana wameshika silaha, na tangu asubuhi hakuna aliyekwenda kutazama nyayo. Kosa la mtu mmoja limevishwa kabila zima, kisha ni ninyi mnaobeba magodoro na watoto barabarani. Wengi wenu mlikimbilia Tanzania, mkaanza kurudi kwa meli mwaka 2005, na baadaye mkahama tena.

Mtu atauliza: "Hatari ikija, tukae tukiulizana?" Hapana. Ukisikia risasi, beba watoto ukimbie. Kukimbia hakungoji ushahidi, maana ukiwa umekosea utarudi nyumbani. Lakini kuchoma na kulipiza kunahitaji ushahidi, maana aliyekufa harudi.

Athene nayo ilikuwa imetoka vitani. Ilishindwa na Sparta mwaka 404 kabla ya Kristo, ikatawaliwa na watu 30 wakatili. Hao walimwagiza Socrates na wengine 4 wakamkamate mtu aitwaye Leon, ili auawe. Wale wanne wakaenda. Socrates akarudi nyumbani kwake. Aliyekiri kwamba hajui mengi alijua hili moja: kumdhulumu mtu ni vibaya. Vijana, mlikumbuke siku mtakapotumwa.

Mwaka 399 raia wenzake walimshitaki kwamba anapotosha vijana na haheshimu miungu ya mji, wakamhukumu kufa. Mwenye kuuliza peke yake anaweza kuchukiwa. Kwa hiyo tuulize pamoja.

Njia tunayo. Wazee wa Kibembe walikaa katika lubunga, wakasikiliza shauri, na jamii nyingine zina mabaraza yao. Habari mbaya ikifika, tuipeleke huko tuulize matatu: Nani ameona kwa macho yake? Wapi, na lini? Na upande wa pili wanasemaje? Akina mama wasiachwe nje, kwa kuwa sokoni wanakutana na watu wa pande zote. Jibu likikosekana, chifu aseme waziwazi, "Bado hatujui," kisha atume watu wawili, mmoja wa kila upande, waende mahali penyewe.

Chifu wa namna hiyo asionekane dhaifu. Neno lake linawapa watu usiku mmoja wa kutulia, na katika usiku mmoja kijiji kinaweza kupona.

Wahenga walisema: kuuliza si ujinga.