Jumapili tukae benchi moja



Tuseme wazi jambo lenye watu wanasema chini chini. Nairobi, mwaka 2013, Wakristo walianzisha Cosmopolitan Affirming Community, kanisa lenye kupokea kila mtu, hata mwenye kupenda wa jinsia yake. Kampala, Askofu Christopher Senyonjo alikubali kuwasikiliza vijana hao. Kanisa lake likamzuia huduma, hakurudi nyuma.

Na kwetu? Sheria ya Congo haimfungi mtu juu ya hiyo. Ukivuka Gatumba, Burundi inafunga tangu 2009.

Januari 2024, Kardinali Ambongo, kwa jina la maaskofu wa Afrika, alikataa kubariki wapenzi wa jinsia moja. Lakini barua hiyo hiyo inasema watu hao waheshimiwe. Basi tuanzie hapo! Hatuombe mapasta wabadilishe ndoa. Tunaomba kijana asitajwe jina kwenye mimbari, asifukuzwe kwenye kwaya.

Tukiandamana juu ya maji na barabara, hakuna mwenye anaulizwa anapenda nani. Jumapili pia, tukae benchi moja.