MANENO YA SANDUKU LETU: Hotuba ya Mwenyekiti



Tumefikisha miaka 10. Hesabu atazisoma mtunza hazina. Sisi tunasema juu ya maneno, maana kwenye mambo ya fedha neno usilolijua linaweza kukubebea magunia yako ya alizeti.

Tulipoanza, wengi tulijua upatu tu: wote tunachanga, mmoja anapokea. Kikoba kikaja na maneno yake. Hisa ni fedha unayoweka kila tunapokutana. Jamii ni mchango mdogo wa ugonjwa na msiba. Marejesho ni kulipa deni kidogo kidogo. Na kuvunja, jamani! Waume zetu walisikia tunavunja kikoba, wakadhani tumegombana. Kumbe ni kugawana akiba na faida mwisho wa mzunguko, kisha tunaanza upya.

Ilipotungwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha mwaka 2018, nasi tukaitwa kikundi cha kijamii cha huduma ndogo za fedha. Jina refu, ila sanduku ni lile lile la kufuli tatu.

Nje ya kikundi yako maneno mengine. Kausha damu ni mkopo wa haraka, riba kubwa, marejesho kila siku au kila wiki. Jina linajieleza. Mwenzetu mmoja alitia dole gumba kwenye karatasi yenye neno dhamana. Hakuna aliyemweleza kwamba dhamana ndiyo cherehani yake. Walikuja kuibeba mchana, watoto wanaona.

Tangu hapo tumekubaliana: karatasi ya mkopo isomwe kwanza mbele ya wenzako, neno kwa neno, kwa Kiswahili na kwa Kinyaturu. Ukiambiwa riba asilimia 10, uliza: kwa mkopo mzima au kwa kila mwezi? Ukikopa shilingi 100,000 kwa miezi 6, kwa mkopo mzima utarudisha 110,000. Ikiwa ni kila mwezi juu ya fedha yote, utarudisha 160,000. Hiyo tofauti ya 50,000 imekaa kwenye neno "mwezi".

Akina mama, wengi wetu tumeishia darasa la saba, lakini kuuliza hakudai cheti. Asiyeelewa asitie dole. Aje kwanza kikundini.