Pumua, Mama: Mazoezi Mepesi Wakati wa Ujauzito

(Mazungumzo ya muuguzi na akina mama wa kliniki ya wajawazito, Kakamega)

  

Mama mjamzito hapa kwetu ana mengi kichwani: karo, miwa isiyolipa, mume aliye Nairobi, na hofu ya siku yenyewe ya kujifungua. Mawazo yakizidi, usingizi hupotea, mabega hukaza, chakula hakipiti. Leo tujaribu kitu kisicho na bei: yoga nyepesi na kupumua.

Najua kuna wanaonong'ona kwamba yoga ni ibada. Asili yake ni India, kweli, lakini hapa hatuombi chochote, tunanyoosha mwili. Mwingine ataniuliza, "Sista, nimelima tangu alfajiri, mazoezi ya nini tena?" Jembe huuchosha mgongo, haliulegezi.

Kaa kwenye mkeka au kiti, mgongo wima, mkono mmoja juu ya tumbo. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe polepole ukihesabu hadi 6. Usiizuie kifuani. Kule kuitoa polepole ndiko kunakotuliza moyo, kwa hivyo usiharakishe hapo. Dakika 5 zinatosha, jioni watoto wakishalala. Baba, wewe teka maji mama azipate hizo dakika.

Halafu piga magoti, viganja chini, kama unapopiga deki. Ukitoa pumzi, pandisha mgongo taratibu. Ukivuta, urudishe uwe sawa. Mara 8 hivi. Mimba ikipita nusu, usilale chali muda mrefu. Lala ubavu, hasa wa kushoto. Usilipinde tumbo. Na kama una presha au umewahi kutokwa na damu, tuulize kwanza kabla ya kuanza.

Ukiona damu, maji yakitoka, kichwa kikiuma sana, macho yakiwa na ukungu, uso ukivimba au mtoto akipunguza kucheza, hiyo si kazi ya kupumua. Njoo hospitalini, hata usiku.

Kuna pia huzuni ambayo mkeka hauiondoi. Kama unalia kila siku, au nyumbani unapigwa, tuambie hapa kliniki, chumbani, sisi wawili tu. Ukishindwa kufika, piga 1195. Simu hiyo haitozwi.

Haya, viatu pembeni. Tuvute pumzi ya kwanza.