Video za Walimu katika Ufundishaji wa Lugha za Kigeni

(Maelezo kwa walimu wa lugha, wakuu wa skuli na wazazi)



Zanzibar si ngeni katika mambo ya picha wala ya lugha. Televisheni ya rangi ilianza hapa katika miaka ya 1970, na mwaka 1979 iliundwa Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni. Lakini zamani picha zilihitaji studio. Hivi sasa simu ya mkononi inamwezesha mwalimu kurikodi somo lake mwenyewe.

Faida yake ni bayana. Kiswahili kina irabu tano tu. Kifaransa kina zaidi ya hizo. Mwanafunzi asiyetofautisha rue, yaani njia ya mjini, na roue, yaani gurudumu, huambiwa "sema tena" bila ya kujua alipokosea. Irabu ya rue hutamkwa kwa ulimi wa "i" na midomo ya "u". Video fupi inayoonesha mdomo wa mwalimu kwa karibu humpa kielelezo cha kuiga, naye huirejea mara kumi pasi na kuona haya mbele ya wenziwe. Haya hiyo ndiyo inayowanyamazisha wengi, hata wakamaliza skuli wakiandika lugha wasiyoweza kuizungumza.

Hata hivyo, picha ina mpaka wake. Katika Kiarabu, qalb ni moyo na kalb ni mbwa. Tofauti yake huzalika nyuma kinywani, mahali pasipoonekana. Hapo hapana budi sikio la mwalimu.

Kwa hivyo, walimu wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

(a) Kila video ihusu jambo moja, nayo isizidi dakika chache.

(b) Irikodiwe mahali penye utulivu, mwanga ukielekea usoni mwa msemaji.

(c) Darasani ioneshwe kwanza bila ya sauti, wanafunzi wakisie yanayosemwa, kisha wasikilize, mwisho waigize wenyewe.

(d) Mtoto asirikodiwe bila ya idhini ya mzazi wake.

(e) Wasio na simu majumbani wapangiwe wakati wa kutazama skuli, wasije wakaachwa nyuma.

Wakuu wa skuli wanaombwa kuwapa walimu nafasi ya kuandaa kazi hiyo na kubadilishana video baina yao. Video haishiki pahala pa mwalimu. Humrejesha kwa mwanafunzi baada ya kengele ya kuondokea.