Kupunguza Chakula Pekee Hakutoshi: Mazoezi ya Moyo kwa Anayepunguza Uzito

Maandishi ya mada iliyotolewa kwa wakazi wa Kaunti ya Mombasa kuhusu uzito, lishe na mazoezi.



Kila alfajiri, kabla jua halijawa kali, watu hutembea kwa kasi na kukimbia kando ya bahari pale Mama Ngina. Wengine wana viatu vya michezo, wengine wana makubadhi, na wapo wanaovaa majaketi mazito au kujifunga nailoni tumboni ili watoe jasho jingi. Wakiulizwa, wengi hujibu kwamba wanaondoa kitambi. Majumbani nako kuna kundi jingine ambalo halitoki kwenda kukimbia. Hilo limeacha chapati, limeacha wali wa usiku, na baadhi yao hushinda na chai ya rangi mpaka saa kumi. Kundi la kwanza linategemea miguu, la pili linategemea kufunga mdomo. Kila kundi limeshika nusu ya kazi, na ndiyo maana wengi huchoka katikati ya njia au hurudi walikotoka.

Jambo hili si la urembo tu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba asilimia 27 ya Wakenya wa umri wa miaka 18 hadi 69 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Kwa wanawake ilikuwa asilimia 38.5, kwa wanaume 17.5. Uchunguzi huohuo ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana shinikizo la damu. Uzito uliozidi, presha na kisukari cha ukubwani hutembea pamoja, na anayefika kliniki kwa moja mara nyingi hugunduliwa na jingine.

Kuna kikwazo ambacho vitabu vya lishe havikitaji. Mtu akianza kupungua, majirani huuliza: "Mbona umekonda, una nini?" Miaka mingi kukonda kulihusishwa na maradhi au shida, na kunenepa kulihesabiwa kuwa ni raha na matunzo mema. Mama aliyepunguza kilo tano kwa jasho lake hujikuta akiletewa uji wa kumrudishia mwili. Anayeanza safari hii afadhali awaambie watu wa nyumbani mapema, hasa yule anayepika.

Sasa hesabu. Mtu wa kilo 80 akitembea kwa kasi kwa nusu saa hutumia takriban kalori 150 hivi. Soda ya nusu lita ina karibu gramu 50 za sukari, sawa na vijiko 12 vya chai, na kalori zake ni kama 200. Kwa hiyo anayetembea nusu saa kisha akajipongeza kwa soda moja amerudisha zaidi ya alichotumia, na soda hunywewa kwa dakika tano. Vivyo hivyo kwa anayekunywa vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kikombe vijiko vitatu vya sukari: hivyo navyo ni vijiko 12, na havishibishi. Kupunguza kilo kwa mazoezi pekee, huku sahani ikibaki ileile, ni kazi ngumu sana, na ni heri mkazi aambiwe ukweli huo mapema kuliko kuahidiwa maajabu.

Watafiti walipata ushahidi wa ajabu wa jambo hili hapa Afrika Mashariki. Karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, wanaishi Wahadzabe, ambao hula nyama ya kuwinda, asali, mizizi na matunda ya porini. Wanaume wao hutembea kama kilomita 11 kwa siku, wanawake kama 6. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya kupima nguvu ambayo miili yao hutumia kwa siku nzima. Walitarajia ipite sana ile ya watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda wakiwa wamekaa. Walipolinganisha watu wa uzito unaokaribiana, walikuta haina tofauti kubwa. Inaelekea mwili uliozoea mwendo mwingi hubana matumizi mahali pengine, kama mwenye nyumba anayezima taa za vyumbani ili alipie jiko. Wahadzabe si wanene, na kiasi na aina ya chakula wanachokipata vina sehemu kubwa katika hilo.

Anayesikia habari hiyo anaweza kusema basi akae kitako, apunguze chakula tu. Hapo ndipo panapokosewa. Wahadzabe haohao, walipopimwa mioyo na damu, walionekana kuwa na dalili chache mno za maradhi ya moyo, hata wazee wao. Mwendo hufanya kazi ambayo mizani haionyeshi.

Kazi ya kwanza ni kwenye misuli. Mwili unaponyimwa chakula hauchomi mafuta peke yake. Katika kila kilo inayopotea kwa kupunguza chakula tu, sehemu yake, mara nyingi karibu robo, si mafuta. Humo mna misuli. Mtu hushangilia mizani inaposhuka kilo nane, hali amepoteza na nguvu ya mapaja na mikono. Misuli ndiyo inayopokea sehemu kubwa ya sukari kutoka kwenye damu, na ndiyo inayomwezesha bibi wa miaka sabini kuinuka kwenye mkeka bila kushikwa. Kisha, kilo zikirudi, hurudi zaidi kama mafuta. Ndiyo hali ya wale wanaojinyima kila baada ya sikukuu, wakapungua, wakanenepa tena: uzito uleule, mwili dhaifu zaidi. Kutembea kwa kasi husaidia kulinda misuli ya miguu. Mazoezi ya kubeba na kusukuma vitu vizito husaidia zaidi, kwa hiyo anayepunguza uzito aongeze siku mbili kwa wiki za kuchuchumaa na kuinuka, kujisukuma ukutani, au kunyanyua vibuyu vya maji vya lita tano.

Kazi ya pili ni tumboni. Mafuta yaliyozunguka ini na utumbo ni mabaya kuliko yale ya chini ya ngozi kwenye mapaja, na mazoezi ya moyo huyapunguza hata pale mizani inaposhuka kidogo tu. Mkanda hulegea kabla ya kilo kushuka. Ndiyo sababu kipimo cha kiuno kina maana kubwa. Kwa mwanamke, hatari huanza kuongezeka kiuno kikifika sentimita 80, na kwa mwanamume sentimita 94. Kujifunga nailoni hakuongezi lolote hapa. Jasho ni maji na chumvi. Uzito huo hurudi kwa bilauri mbili za maji, na katika joto la Mombasa mtu anaweza kuzirai njiani. Chai za kuondoa tumbo zinazouzwa mitaani, nyingi hufanya kazi ya kuharisha tu, na kinachotoka ni maji vilevile.

Kazi ya tatu ni ya moyo wenyewe, na hapa mabasi ya London yana funzo kwa kila mwenye kazi ya matatu. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya kuwafuatilia wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya mji huo. Dereva alikaa kitini siku nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi za basi akikata tikiti. Makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache zaidi, na waliopatwa walipatwa wakiwa na umri mkubwa zaidi. Watafiti waliangalia mpaka vipimo vya sare, wakakuta viuno vya suruali za madereva ni vipana zaidi, lakini upana huo peke yake haukutosha kueleza tofauti ya maradhi. Watu wawili walifanya kazi katika gari moja, kwenye barabara moja. Mmoja alisimama na kutembea, mwingine alikaa. Madereva wa malori, matatu na tuktuk wa kaunti hii wana sababu ya kuteremka na kutembea kila wapatapo nafasi kwenye steji.

Kazi ya nne huenda ndiyo kubwa kuliko zote kwa anayejinyima chakula: kuzuia kilo zisirudi. Kupungua si shida sana. Wengi wamewahi kupungua. Shida ni mwaka wa pili. Mwili uliopungua hutumia nguvu kidogo kuliko mwanzo na njaa huongezeka, kwa hiyo sahani iliyomkondesha mtu huja ikatosha tu kumshikilia alipo, na akilegea kidogo hupanda. Nchini Marekani kuna daftari la watu waliopunguza angalau kilo 13 hivi na kukaa hivyo kwa mwaka au zaidi, lililoanzishwa mwaka 1994 na Rena Wing na James Hill. Njia zao za kula hutofautiana sana. Linalowaunganisha wengi wao ni kwamba wanafanya mazoezi, kwa wastani karibu saa moja kwa siku, na zoezi linalotajwa zaidi ni kutembea. Hakuna ada ya jim hapo.

Kula na kutembea vikiunganishwa matunda yake hupimika. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2002 uliwahusisha watu 3,234 waliokuwa na sukari iliyoanza kupanda bila kufikia kisukari. Kundi moja lilifundishwa kupunguza chakula chenye mafuta na kalori nyingi na kutembea kwa kasi dakika 150 kwa wiki, likilenga kupunguza asilimia 7 ya uzito. Kwa mtu wa kilo 90, hizo ni kama kilo sita tu. Hatari ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 58 likilinganishwa na kundi lililopewa vidonge visivyo na dawa. Waliopewa dawa ya metformin hatari yao ilishuka kwa asilimia 31. Kilo sita na matembezi viliishinda dawa. Hata hivyo, aliyeandikiwa dawa na daktari asiiache kwa sababu ya habari hii.

Dakika 150 kwa wiki ni nusu saa kwa siku tano, na ndicho kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linakipendekeza kwa mtu mzima. Anayetaka kilo zisirudi huhitaji zaidi, kuelekea dakika 300. Si lazima zifanywe kwa mkupuo. Dakika kumi kumi zinahesabika. Kasi yake hupimwa kwa mdomo: mtembeaji aweze kuzungumza na mwenzake, lakini akijaribu kuimba pumzi zimkate. Akiweza kuimba ubeti mzima, anatembea tu kama anayekwenda dukani. Ukiacha kutembea kuna kuruka kamba, baiskeli, kuogelea, kucheza muziki chumbani mlango ukiwa umefungwa, au kupanda ngazi za ghorofa. Mwenye maumivu ya magoti aanze na maji au baiskeli kabla ya kukimbia. Anayevuka Likoni kila siku anaweza kuacha matatu na kupanda kwa miguu kutoka feri hadi mjini, na nusu ya zoezi lake la siku itakuwa imekwisha kabla ya kufika kazini.

Upande wa chakula hauhitaji njaa. Nusu ya sahani iwe mboga: mchicha, sukuma wiki, mnavu, kisamvu kisichojaa tui. Robo iwe samaki, dagaa, maharagwe, kunde au mbaazi, na robo iliyobaki ndiyo ya wali, ugali au chapati. Protini isikosekane, maana misuli hujengwa nayo. Mahamri na viazi karai vibaki kuwa vya siku maalumu. Anayekula mlo mmoja kwa siku kisha akakimbia juani anajitafutia kizunguzungu, na jioni hula mara mbili ya alichokiacha. Mwezi wa Ramadhani, matembezi mepesi kabla ya magharibi au ya kasi baada ya tarawehe yanafaa kuliko mbio za mchana.

Wapo wa kuonana na mhudumu wa afya kabla ya kuanza: mwenye maradhi ya moyo, mwenye presha isiyodhibitiwa, mjamzito, na anayetumia insulini au vidonge vya kisukari vya aina ya glibenclamide. Huyo wa mwisho akipunguza chakula na kuongeza mwendo bila dawa yake kupangwa upya, sukari inaweza kushuka hadi akaanguka. Atembee na kitu kitamu mfukoni, na asitembee peke yake. Maumivu ya kifua, pumzi kukata kuliko kawaida au kizunguzungu kikali ni sababu ya kusimama na kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Kipimo cha kuanzia hakihitaji safari ndefu. Wahamasishaji wa afya ya jamii wanaotembelea nyumba wamepewa vifaa vya kupima uzito, presha na sukari. Mkazi anaweza kumwomba ampime na kumwandikia tarehe, kisha ajipime kiuno mwenyewe kwa utepe wa fundi cherehani. Baada ya hapo mizani mara moja kwa wiki inatosha, siku ileile, asubuhi kabla ya chai.