Hasara Isiyoingia Daftarini
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumeombwa kusema juu ya mafuriko na hasara zake katika biashara ya nchi. Tumechagua kisa kimoja, cha Kilosa, kwa kuwa kina mafunzo yatufaayo sisi watu wa kalamu.

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Ikitoka Kilosa kwenda Dodoma, hupanda kwa kulifuata bonde la mto Mkondoa. Wajenzi waliufuata mto kwa kuwa huko mwinuko ni wa taratibu. Lakini ajengaye katika njia ya maji hana budi kujua ya kuwa siku moja mwenye njia atapita. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010, alipita. Mvua kubwa zilinyesha, tuta la mto likabomoka, maelfu ya watu wakakosa makao, na reli baina ya Kilosa na Gulwe ikachukuliwa na maji. Safari zikakatika kwa miezi.

Basi, hasara ilikuwa nini? Karani akiulizwa atahesabu vyuma, mataruma, mawe, na ujira wa mafundi. Hesabu hiyo ni ya kweli, ila ni nusu. Reli ile hupeleka mizigo Tabora, Mwanza na Kigoma, na kutoka Kigoma huvuka ziwa hata Burundi na Kongo. Ikikatika, shehena huhamia katika malori, na kwa safari ndefu lori hudai nauli kubwa kuliko behewa. Mwenye duka huongeza bei ya saruji na mabati. Mkulima asiye na pa kupeleka mazao huyauza kwa bei ya kutupa. Nayo reli, ikikosa nauli, hukosa fedha za kujitengeneza, na wateja waliokwisha kuzoea lori si wote warudio.

Wako wasemao ya kuwa mvua ni amri ya Mungu. Twakubali. Lakini mchanga uliojaa chini ya madaraja haukuja usiku mmoja, wala miti ya milimani haikukatwa na mvua. Wahenga walisema, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa huonwa kwanza na mtu mdogo: mkagua njia, mwashi, karani wa stesheni. Huandika barua, barua huingia katika faili, na faili kabatini.

Hapa ndipo lilipo neno letu. Daraja likivunjika, kila mtu huandika. Mfereji ukizibuliwa kwa wakati wake, hakuna aandikaye, maana hakuna kilichotokea; na mwaka ujao fedha za mfereji ndizo zipunguzwazo kwanza. Basi twamwomba kila mwanachama aliye katika kazi za reli, barabara, bandari au posta aandike tarehe na mahali pa kila ufa. Aandike mizigo ilichelewa siku ngapi na kwa gharama gani. Tena asichoke kuulizia jibu la barua yake.

Kalamu haizuii mto. Lakini hasara isiyoandikwa haina mtetezi siku ya kugawa fedha.