Maji ya Dobi na Visima vya Unguja

Katika pwani ya mashariki ya Unguja, ambako maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, huelea juu ya maji ya bahari ndani ya miamba ya matumbawe, ufuaji wa mashuka ya hoteli ni mzigo kwa visima, kwani mashine za kawaida huweza kutumia zaidi ya lita 10 kwa kilo moja ya nguo. Ili kupunguza mzigo huo, majitaka ya ufuaji yanaweza kusafishwa yatumike tena: huchujwa nyuzi, hutiwa shabu inayogandisha uchafu ukazama, kisha hupitishwa kwenye utando wenye vitundu vidogo kuliko bakteria. Chumvi iliyoyeyuka hubaki, hivyo maji hayo hufaa zaidi kufulia kuliko kusuuzia mara ya mwisho. Joto la maji hayo nalo hupunguza gharama ya nishati ya kupasha maji ya kufulia.